Mistari Isiyovuka Mlango

Jumanne, saa nne na robo asubuhi. Manyunyu yalikuwa yakianguka tangu alfajiri. Si mvua ya kumkimbiza mtu, ni ile inayomfanya asijue kama afungue mwavuli au auache.

Nilikuwa nimeketi kwenye benchi nje ya wodi ya watoto. Mbele yangu palikuwa na ndoo ya kudekia na kibao cha njano kilichoonya kwamba sakafu ina utelezi. Nilikisoma kibao hicho mara nyingi.

Kwa msomaji anayejiunga leo: kazi yangu ni kuandika programu za simu. Katika sehemu ya kwanza nilifukuzwa kazi. Katika ya pili, mchumba wangu alinirudishia pete ndani ya bahasha ya bili ya maji. Katika ya tatu nilipata mshirika, ambaye mtaa mzima humwita Profesa ingawa chuo hakukimaliza, tukatengeneza programu inayosoma ile mistari myeusi iliyo nyuma ya pakiti za dukani. Unaelekeza kamera ya simu, nayo inakuambia ndani mna nini. Kama mna kitu usichoweza kula, inatoka alama nyekundu. Kama hakimo, ya kijani.

Wiki iliyopita niliishia pale simu ilipoita katikati ya kikao na meneja wa duka kuu. Mpigaji alikuwa dada yangu. Alisema neno moja: "Kavimba."

Aliyevimba ni mpwa wangu wa miaka minne. Tunamwita Hakimu, kwa sababu hakuna chakula kinachopita mbele yake bila kuhukumiwa. Karanga kwake ni sumu. Kijiko kimoja tu, na koo linaanza kuziba. Programu ile niliianza kwa ajili yake.

Msomaji mmoja ameniandikia kwamba nina mkosi wa kuzaliwa nao. Akisoma ya leo atatafuta neno jingine. Mkosi haukai mbele ya kibodi na kubonyeza.

Muuguzi alitoka wodini akanitazama.

"Wewe ndiye mjomba wa mistari?"

"Ndiye."

"Ninayo kwenye simu yangu. Hata mlinzi wa getini anayo, tangu anunue simu ya kugusa. Anamulika mpaka dawa ya viatu. Anasema imemhakikishia haina maziwa."

Nilijua kwamba hapo mtu hucheka. Nilitoa sauti fulani.

"Mtoto hajambo," alisema. "Anavuta hewa mwenyewe. Ingia, ila msigombane. Baba yake nimeshamtoa nje mara moja."

Shemeji yangu ni fundi wa majokofu. Alikuwa amesimama dirishani akiwa bado na nguo za kazi, bisibisi mfukoni. Dada alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, ameshika soksi moja ya mtoto. Hakimu alikuwa amelala, midomo imevimba.

"Haya, mwambie mdogo wako," shemeji alisema. "Mwambie kama ulivyoniambia mimi."

"Nilinunua unga wa uji," dada alisema. "Lile duka jipya karibu na nyumbani. Nilimulika, mdogo wangu. Ilitoka kijani."

"Kijani ya wapi? Nimepita pale asubuhi hii. Muuzaji kaniambia bila kupepesa macho, unga ule robo nzima ni karanga. Hawafichi. Ukiuliza wanakwambia."

"Basi labda nilimulika pakiti nyingine. Nilikuwa nazo mbili mkononi. Labda sikutazama vizuri."

"Jana ulikuwa na hakika. Leo labda. Kesho utasema dukani hukufika."

"Baba Hakimu, nimeshakubali. Ni kosa langu. Unataka nini tena?"

Shemeji hakupandisha sauti. Yeye akikasirika huongea polepole, kama mtu anayesoma namba za mashine.

"Mama yangu anakuja Alhamisi. Mtoto ataondoka naye, akae huko mpaka aanze shule. Kule hakuna wa kumulika wala wa kumulikwa. Bibi yake anaonja kwa ulimi."

Mpaka aanze shule ni miaka mitatu. Dada aliikunja ile soksi, akaikunjua.

"Shemeji, tusubiri kidogo," nilisema.

"Tusubiri nini? Ya pili iwe ya kuzika?"

Hakimu alifumbua macho. Alitutazama mmoja mmoja, akatulia kwangu.

"Mjomba, ule uji ulikuwa mbaya."

"Ulikuwa mbaya?"

"Mbaya sana. Lakini mama alisema kijani."

"Watoto husema wanachosikia," shemeji alisema, akageukia dirisha.

Ofisi yetu ni chumba kimoja nyuma ya duka la dobi. Ukuta mmoja una joto siku nzima, na karatasi zote hunuka sabuni. Nilifika saa sita. Profesa alikuwa anakula embe kwa kisu cha kukatia nyaya.

"Mtoto?"

"Hajambo."

"Mungu mkubwa. Jumamosi iko palepale."

Jumamosi ilikuwa siku ya uzinduzi. Duka kuu, lenye matawi sita, lilikubali kubandika tangazo la programu yetu kwenye kila kikapu cha kununulia. Sharti lilikuwa moja: tuwe na bidhaa elfu kumi kwenye orodha. Mwezi uliopita tulikuwa na elfu tisa na mia mbili.

Nilifungua kompyuta. Jana yake, kabla mfuko haujatupwa, dada alikuwa amenisomea kwa simu namba iliyokuwa chini ya mistari ya pakiti ile. Niliiandika. Orodha ilijibu mara moja.

Unga wa lishe. Mahindi, mtama, mchele. Hauna karanga. Kijani.

Dada alikuwa amemulika pakiti ileile. Alitazama vizuri. Programu ndiyo iliyomjibu uongo.

Chini ya kila bidhaa huwa tunaweka jina la aliyeiingiza na tarehe. Jina lilikuwa langu. Tarehe ilikuwa ya mwezi uliopita, Ijumaa, siku ambayo kutoka elfu tisa na mia mbili tulifika elfu kumi.

Siku ile niliikumbuka vizuri. Nilikuwa kwenye duka anakofanya kazi mama yangu mdogo. Ni keshia, ana miaka kumi na tisa kwenye kiti kile, na mistari anaijua kuliko kiganja chake. Nilikuwa namulika vitu vya rafu za nyuma, vile ambavyo duka lenyewe huvipima kwenye mizani na kuvibandika lebo: unga, sukari, maharage, viungo. Alitoka nyuma ya mashine yake akaja kusimama kando yangu.

"Mwanangu, hizo acha."

"Kwa nini, mama mdogo? Si zina mistari?"

"Tazama inaanza na ngapi. Ikianza na mbili, hiyo ni mistari ya nyumbani. Imetengenezwa na mizani yetu hii hapa, siyo na kiwanda. Haivuki mlango. Ukitoka nayo nje haina maana."

"Lakini simu inaisoma."

"Simu inasoma, ndiyo. Hata mimi mtu akinipungia mkono barabarani namwona. Haina maana kwamba namjua." Alicheka. "Shule mmesomeshwa, lakini dukani hamkukaa. Acha hizo."

Mteja alimwita, akarudi kwenye kiti chake. Mimi nilimulika mia nane zilizobaki.

Nitaeleza kosa lenyewe kwa maneno machache. Mizani za maduka huuzwa zikiwa na orodha ya mfano iliyokwisha kupangwa, na wenye maduka wengi hawahangaiki kuibadili. Unga wa lishe ni wa kumi na saba kwenye orodha ya mizani ya mama mdogo, na mistari hutokana na namba hiyo. Ni wa kumi na saba pia kwenye mizani ya lile duka jipya. Namba moja, jina moja, unga tofauti. Kila duka huchanganya linavyotaka.

Nilijua. Niliambiwa na mtu anayejua, nikaendelea.

Nilimgeuzia Profesa kioo. Alisoma, akaweka embe chini, akafuta mikono kwenye suruali.

"Nani mwingine ameona?"

"Hakuna."

"Futa."

"Profesa."

"Sikiliza, ndugu yangu. Futa zote zinazoanza na mbili. Zote mia nane. Si unataka mtoto mwingine asivimbe? Basi. Kuzifuta ni jambo jema, hata shekhe na padri watakubaliana. Tukibaki elfu tisa, nani atahesabu?"

"Na dada?"

"Dada yako mtoto wake yuko hai. Amegombana na mumewe. Nani hajagombana na mumewe?"

Nilijiambia kwamba nawalinda watoto wa watu. Jambo hilo lilikuwa kweli, na ndiyo maana lilikuwa jepesi. Nilichagua zote zinazoanza na mbili, nikabonyeza. Kompyuta iliuliza kama nina hakika. Nikabonyeza tena. Sikupiga hata picha ya kioo. Ilichukua muda mfupi kuliko kufunga kamba ya kiatu.

Baadaye nilikula kipande cha embe kilichobaki. Sikumbuki kilikuwa na ladha gani.

Saa tisa alasiri meneja wa duka kuu alipiga simu. Nilidhani amesikia, na kwamba yote yamekwisha. Nilikaa kitini nikisubiri. Nilihisi kama naangalia mtu mwingine akiisubiri simu hiyo.

"Pole sana kwa mtoto," alisema. "Profesa amenieleza. Yule mama aliyekosea kumulika ni dada yako wa damu?"

Profesa alikuwa akitazama ukuta.

"Ni dada yangu."

"Nimefikiri jambo. Jumamosi tumpe dakika tano. Asimame awaambie akina mama wenzake: mulikeni kwa makini, mimi sikumakinika, yakanifika. Watu wanaamini mama kuliko tangazo. Unaonaje?"

"Nitamuuliza."

Hilo ndilo nililolisema. Sikusema hapana.

Jumatano sikumuuliza. Alinipigia yeye. Profesa alikuwa ameshamtafuta.

"Huyo mshirika wako kanieleza habari ya Jumamosi," dada alisema. "Nitasimama."

"Si lazima, dada."

"Najua si lazima. Lakini nimewaza. Wewe umepoteza kazi, umepoteza mchumba, umebaki na hiyo mistari yako. Na mimi nusura niivunje kwa uzembe wangu. Acha nisimame. Angalau kosa langu likufae."

"Dada."

"Ee?"

Nyuma yake nilisikia kitanda cha wodi kikisogezwa na muuguzi akimwomba mtu apishe.

"Hamna," nilisema. "Msalimie Hakimu."

Alhamisi saa tisa alasiri, nyumbani kwa dada, jua kali. Hakimu alikuwa ameruhusiwa kurudi nyumbani asubuhi. Mama yake shemeji alikuwa amefika. Ni mkunga mstaafu, mwanamke mfupi mwenye sauti ya upole, na anapokaa hukaa pembeni kabisa ya kiti kama mtu asiyetaka kukichosha. Begi dogo la mtoto lilikuwa mlangoni. Dada mwenyewe ndiye aliyelipanga.

"Mwanangu, mimi sina ugomvi na wewe," mama mkwe alimwambia. "Ni mtoto tu. Akikua atarudi."

"Sawa, mama."

"Utakuja kumwona."

"Nitakuja, mama."

Shemeji aliingia kutoka uani. Mkononi alikuwa na mfuko mweupe wa plastiki, umechafuka majivu. Aliuweka mezani, akausafisha kwa kitambaa. Ulikuwa ni mfuko wa unga ule, na lebo yake ilikuwa nzima.

"Jana sikulala vizuri," alisema. "Mtoto kaniambia tena. Mama alisema kijani. Kaniambia mara tatu, na huyu hajui kudanganya, hata akitaka biskuti anasema anataka biskuti. Kwa hiyo nimeutafuta mfuko kwenye taka."

Alimgeukia mama yake.

"Mama, wewe uwe shahidi. Mimi fundi. Jokofu likiharibika, silaumu mwenye nyumba kabla sijalipima. Huyu nimemlaumu bila kupima. Sasa napima. Ikitoka kijani, nitamwomba radhi mbele yako, na begi litarudi chumbani."

Dada aliinua macho kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu.

Shemeji alichukua simu ya mkewe. Ni simu ya bei ya chini, nafasi yake ni ndogo, na kwa ajili ya simu kama hizo tuliamua programu isiweke kumbukumbu ya kilichokwisha kumulikwa. Kila mara inauliza upya kwenye orodha yetu.

Nilikuwa nimesimama karibu na meza. Ningeweza kuweka kiganja juu ya lebo. Niliiona nafasi hiyo, nikaiona ikipita.

Simu ilitoa mlio mfupi.

"Bidhaa hii haijulikani," shemeji alisoma.

Alimulika tena, akaileta karibu. Alifuta lebo kwa kidole, akamulika kwa mara ya tatu.

"Haijulikani. Siyo nyekundu, siyo kijani. Haimo kabisa." Aliweka simu mezani taratibu. "Kwa hiyo hukukosea pakiti. Hukumulika. Mpaka mtoto ukamfundisha aseme kijani."

"Nilimulika," dada alisema.

"Ningeweza kukusamehe uzembe. Nilikuwa nimekuja kukusamehe."

"Baba Hakimu, nilimulika. Wallahi nilimulika."

Hapo ndipo niliposema. Sikuhisi ushujaa. Nilihisi kama mtu anayesoma kibao kwa sauti.

"Alimulika. Ilikuwemo. Niliiingiza mimi, na iliandikwa haina karanga. Kosa ni langu. Juzi nimeifuta."

Mama mkwe alitikisa kichwa polepole, kwa huruma.

"Tazama ndugu walivyo," alisema. "Damu nzito."

"Mama, si damu. Ni kweli."

"Shemeji," shemeji alisema, "nakuheshimu. Lakini mbona Jumanne ulikuwepo wodini, hukusema? Jana hukusema. Umeona begi mlangoni ndipo umekumbuka?"

"Jumanne asubuhi nilikuwa sijajua."

"Na Jumanne jioni?"

Nilichomoa simu mfukoni.

"Kuna nakala," nilisema. "Kila Jumatatu Profesa anaweka nakala ya orodha nzima. Ya Jumatatu hii ina unga huo, na jina langu liko chini yake. Nampigia sasa hivi, msikie wenyewe."

Nilipiga, nikaweka simu mezani ili wote wasikie. Profesa aliitika mara moja. Pasi ya dobi ilisikika ikipumua nyuma yake.

"Profesa, niko na shemeji. Mwambie tu ukweli. Ule unga ulikuwemo kwenye orodha?"

"Unga upi, ndugu yangu?"

"Unga wa lishe. Unaoanza na mbili. Nimeufuta mbele yako."

"Ndugu yangu, umechoka. Mtoto amekutia hofu, na ni haki yako. Sisi tangu lini tunaingiza vitu vya kupima? Mwambie shemeji nampa pole. Na wewe ulale kidogo."

Akakata.

Shemeji alinirudishia simu.

Dada ndiye aliyenijia. Aliniwekea mkono begani, kama alivyokuwa akifanya nilipokuwa darasa la pili na nimevunja kitu cha watu.

"Mdogo wangu, asante," alisema. "Lakini usijiharibie kwa ajili yangu. Nikiwaza vizuri, huenda kweli sikumulika. Nilikuwa na haraka."

"Dada, ulimulika."

"Basi, basi. Inatosha."

Yaliyofuata, kati ya saa kumi na saa kumi na mbili, nayaandika kwa mpangilio.

Shemeji alikunja mfuko wa unga mara nne, akautia mfukoni mwa shati, akaenda kutafuta gari.

Mama yake alimvalisha Hakimu kofia, akachukua begi, akamwambia mkwewe asiwasindikize nje kwa sababu mtoto angelia.

Hakimu hakulia. Aliuliza huko waendako wanapika nini.

Profesa alibadilisha neno la siri la kompyuta ya ofisi na kufuli la mlango. Nililigundua la kwanza saa kumi na moja kasorobo, nikijaribu kuifikia ile nakala kwa simu, na la pili saa kumi na moja na dakika ishirini, nikiwa nimesimama kwa dobi.

Meneja alituma ujumbe kwamba Jumamosi mama wa mtoto afike saa tatu kamili, avae nguo isiyo na maua mengi.

Dada alichagua ile ya buluu, akainyoosha, akaitundika nyuma ya mlango.

Mimi nilimjibu meneja kwamba tutafika wawili, na kwamba nami naomba dakika tano.